Televisheni katika kambi ya porini: tafuteni mwelekeo, msitafute urefu

Hapa kwetu Katanga, ukisema neno «kambi», watu wanafikiri mara moja nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, kila moja na namba yake. Leo tunataka kusema juu ya kambi nyingine: kambi ya mahema. Ni kambi ya ekipi ya jeolojia inayotafuta madini mbali na mji. Ni kambi ya wavuvi kando ya mto Lufira. Ni kibanda cha jamaa waliokwenda kulima shamba la mahindi na kulala huko siku tatu au nne. Katika kambi hizi mtu anakosa mambo mengi, na siku hizi jambo la kwanza analolilalamikia ni televisheni.

Hatutaki kumkataza mtu kuona televisheni. Mfanyakazi aliyechoka ana haki ya kufurahi jioni pamoja na wenzake. Lakini tazameni tarehe hizi mbili. Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe ilicheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Milano katika mji wa Abu Dhabi. Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Michezo yote miwili tulishindwa, lakini hakuna aliyetaka kuikosa. Desemba na Februari, hapa Katanga, ni miezi gani? Ni miezi ya mvua, miezi ya kulima, miezi ya radi. Ndiyo kusema: siku watu wanapotamani picha zaidi ya siku zote, ndizo siku ambazo wingu jeusi liko juu ya shamba.

Basi mtu akikosa picha, wazo lake la kwanza ni kupanda. Anafunga mti mrefu juu ya mti mwingine, anapanda muombo na anteni mkononi, anasimamisha mlingoti wa chuma karibu na nyaya. Sisi watu wa afya tunajua mwisho wa mambo hayo: mguu uliovunjika, mkono uliochomwa na umeme, na mara nyingine jeneza. Na jambo la kusikitisha ni hili: mara nyingi kupanda huko hakukuwa na faida yoyote. Leo tutaeleza sababu.

PICHA INAFIKAJE KWETU?

Mnara wa televisheni unatuma mawimbi angani. Mawimbi hayo hayaonekani na macho, lakini yanakwenda kasi kama mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Tena yanafanana na mwanga kwa jambo lingine: yanapenda kwenda moja kwa moja. Kilima kikubwa kikisimama katikati, nyuma yake kunakuwa kama kivuli. Ukiwa ndani ya kivuli hicho, picha inakuwa shida.

Zamani, picha ilipokuwa dhaifu, tuliona kama mvua ya chumvi juu ya kioo, lakini watu walitambulikana na mpira ulionekana. Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2006, nchi za Afrika, za Ulaya na sehemu ya Asia zilipatana kule Genève juu ya kuacha televisheni ya zamani na kufuata televisheni ya numerike. Televisheni ya numerike haina chumvi. Ama inaonyesha picha safi kabisa, ama haionyeshi kitu. Kati ya mambo hayo mawili kuna hatua ndogo tu: picha inakatika vipande vipande, sauti inagugumia, halafu giza.

Kwa sababu hiyo watu wengi wanadanganyika. Wanaona giza, wanafikiri picha iko mbali sana na kwamba inafaa kupanda mita kumi. Kumbe labda ilibaki kugeuza anteni kidogo tu, au kusogea hatua mbili.

HESABU YA MLINGOTI

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haisemi uongo. Kwa sababu dunia ni mviringo, mnara hauwezi kutuma picha mbali bila mwisho. Tuseme mnara una urefu wa mita 100, na nchi ni tambarare. Mkiweka anteni yenu juu ya mti wa mita 4, mtapata mawimbi mpaka karibu kilometa 49. Sasa mkiipandisha mpaka mita 9, yaani zaidi ya mara mbili, mtafika karibu kilometa 53 au 54.

Mmeona? Mita 5 za hatari zimeleta kilometa 4 au 5 tu. Kama kambi yenu iko kilometa 30 kutoka mnarani, mita hizo hazina kazi. Kama kambi iko kilometa 90, hazina kazi vilevile. Afadhali kumwacha mtu wenu chini, na mifupa yake mizima.

Ni kweli kwamba anteni ikizidi urefu wa miti, inaona vizuri zaidi, kwa sababu majani, zaidi majani yenye maji ya mvua, yanapunguza nguvu ya mawimbi. Lakini ili kuepuka miti si lazima kuipanda. Inatosha kuhamisha anteni mpaka ukingo wa shamba au mahali pa wazi, upande wa mnara. Tena Katanga yetu ina vichuguu vikubwa, vingine vinapita urefu wa nyumba. Wakati mbingu ni safi, mti mfupi uliosimamishwa juu ya kichuguu chenye mteremko mzuri unafaa kuliko mlingoti wa mita 9 uliofungwa kwa kamba mbovu. Lakini kichuguu nacho ni mahali pa juu: mara wingu linapopanda, hakuna mtu wa kukikaribia.

NAMNA YA KUTAFUTA PICHA PASIPO KUPANDA

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, mchana na kwa mbingu safi.

1. Jueni kwanza mnara uko upande gani. Kabla ya kuondoka mjini, tazameni ramani, au ulizeni dereva. Mtu asiyejua mnara uko wapi anageuza anteni kama kipofu.

2. Hakikisheni chombo. Katika nchi nyingi za SADC, televisheni ya kisasa au dekodere ya mnara inatakiwa kuwa na alama DVB-T2. Kama chombo ni cha zamani na hakina alama hiyo, hata mkipanda mlima hamtaona kitu.

3. Elekezeni anteni vizuri. Anteni yenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki ilitungwa na Wajapani wawili, Yagi na Uda, mwaka 1926. Upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Wengi wanaweka kinyume, halafu wanalaumu mlingoti. Tena tazameni anteni za majirani wa mji zimewekwaje: kama vijiti vyao vinalala, nanyi vilazeni, kama vinasimama, nanyi visimamisheni.

4. Sogeeni. Wimbi la televisheni ya mnara lina urefu wa karibu nusu mita. Mawimbi yanapogonga bati, gari au mwamba, yanarudi na kupigana na yale yanayokuja. Kwa sababu hiyo mahali pengine pana picha, na hatua moja pembeni hakuna. Mmoja ashike anteni na kutembea polepole. Mwingine aangalie kioo na kusema. Dekodere ya numerike inachelewa kidogo kuonyesha mabadiliko. Basi kila mara msimame, mhesabu mpaka kumi, ndipo msogee tena.

5. Tazameni waya. Waya wa anteni uliokunjika, uliounganishwa kwa kusokotwa tu, au ulioingia maji, unakula nguvu ya picha. Waya mfupi na mzima unafaa kuliko mlingoti mrefu.

6. Mkikosa anteni, waya tupu unaweza kusaidia karibu na mnara: vipande viwili, kila kimoja karibu sentimeta 12, vimefungwa juu ya kipande cha ubao kimoja kulia na kimoja kushoto, na kuungwa na waya wa anteni. Ni chombo cha maskini, lakini kinafanya kazi.

Kama mmefanya yote haya na hamkupata kitu, basi kambi yenu iko katika kivuli au mbali sana. Acheni. Chukueni redio.

PARABOLE HAIHITAJI MLINGOTI

Watu wengine wanakwenda porini na parabole. Hao ndio wanaotushangaza zaidi, tunapowaona wanaipandisha juu ya mti. Parabole haitafuti mnara. Inatafuta satelaiti iliyo juu ya ekweta, karibu kilometa 36,000 kutoka chini. Mbele ya safari ya kilometa 36,000, mita zenu tano ni kitu gani?

Parabole inafanya kazi vizuri kabisa ikiwekwa chini, imefungwa juu ya mguu wa chuma na kukandamizwa na mawe au mifuko ya mchanga. Inataka mambo mawili tu: isitikisike, na iwe na njia wazi mbele yake. Sisi wa Katanga tuko kusini ya ekweta, kwa hiyo parabole yetu haitazami kusini hata siku moja. Kulingana na satelaiti, inatazama kaskazini, au kaskazini na kuelekea mashariki kidogo, au kuelekea magharibi. Miti ya upande wa kusini haiwasumbui. Tawi moja la upande wa mbele linatosha kuzuia picha yote.

Tena shikeni sana neno hili: mvua kubwa ikinyesha, picha ya parabole inakatika yenyewe. Hakuna kilichoharibika. Maji mengi angani yanameza mawimbi, na wingu likipita, picha inarudi. Mtu anayetoka chini ya radi kwenda «kurekebisha» parabole anakwenda kutengeneza kitu kizima, na anaweza kukifia.

RADI

Nchi yetu ni moja ya nchi za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Wataalamu waliohesabu radi kwa msaada wa satelaiti waliona kwamba sehemu za Kabare, kule Kivu, zinashika nafasi ya kwanza katika Afrika nzima. Katanga nako radi si mgeni, tangu Oktoba mpaka Aprili.

Radi inapenda kitu kirefu kilicho peke yake: mti katikati ya shamba, mlingoti juu ya kichuguu, mtu aliyesimama uwanjani. Waya wa anteni unaiongoza mpaka ndani ya hema, mpaka televisheni, mpaka mkono wa yule anayezima chombo. Wengine wanasema: «Mlingoti wetu ni wa mwanzi, si wa chuma.» Hiyo si kinga. Mwanzi wenye maji ya mvua na waya wa shaba ndani yake ni njia nzuri ya radi.

Namna ya kujua umbali ni rahisi, hata mtoto anaweza kuifanya. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Sauti inakwenda kilometa moja kwa sekunde tatu. Ukihesabu 30, radi iko kilometa 10. Ukihesabu chini ya 30, radi inaweza kukupiga wewe, hata kama juu ya kichwa chako hakuna mvua bado.

Kwa hiyo kanuni ni hizi:

— Chomoeni waya wa anteni na waya wa umeme kabla ya radi kukaribia. Radi ikiwa imekwisha kuwa karibu, msiguse waya tena. Acheni televisheni iungue. Televisheni inanunuliwa, baba wa watoto hanunuliwi.

— Ingieni ndani ya nyumba ya matofali, au ndani ya gari lenye paa la chuma na kufunga vioo. Hema halikingi. Kibanda cha majani hakikingi. Chini ya mti ndiko kubaya kuliko kote.

— Kaeni humo mpaka dakika 30 zipite baada ya mlio wa mwisho. Mara nyingi watu wanapigwa mwanzoni mwa mvua au mwishoni, kwa sababu wanafikiri hatari haijafika au imekwisha kupita.

NYAYA ZA UMEME

Wengine wanafikiri porini hakuna hatari ya umeme. Wanajidanganya. Mstari mkubwa wa Inga mpaka Kolwezi, uliomalizika mwaka 1982, una urefu wa karibu kilometa 1,700, na sehemu kubwa inapita porini. Nguvu yake ni volti 500,000. Mistari mingine inakwenda kwenye migodi na viwanda. Chini ya mistari hiyo miti imekatwa, mahali ni wazi na pazuri, na watu wanaona panafaa kupiga hema. Hapafai.

Umeme wa nguvu kama hiyo haungoji kuguswa. Ukikaribia na chuma kirefu, unaruka wenyewe. Kanuni yetu ni hii: pimeni urefu wa mlingoti wenu, uzidisheni mara mbili, na msimamishe mlingoti mbali na nyaya kuliko hesabu hiyo. Mlingoti wa mita 6, basi mita 12 au zaidi. Hivyo hata ukianguka hautafika. Na mlingoti ukianza kuanguka upande wa nyaya, msijaribu kuuzuia. Uacheni, kimbieni.

MOSHI USIOONEKANA

Ili televisheni iwake, inataka umeme, na wengi wanachukua gurupu ndogo ya esansi. Mvua ikianza, wanaiingiza ndani ya hema au chini ya kibanda ili isilowe. Hapo kifo kinaingia pamoja nayo.

Moshi wa mashine una hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ikiingia katika damu inachukua nafasi ya hewa safi, na mwili unakosa pumzi bila mtu kujua. Mbabula yenye makala inatoa sumu ileile, hata kama moshi wake umekwisha na makala yamekuwa mekundu mazuri. Ndiyo maana jamaa wanaweza kulala wazima na mbabula ndani ya hema lililofungwa, na asubuhi wasiamke.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtu anasema: «Ni malaria», anakunywa dawa na kulala tena. Sikilizeni sana tofauti hii. Malaria haiwapati watu wote wa hema katika saa moja, na mara nyingi inakuja na homa. Kama watu wawili au watatu wa hema moja wanaumwa kichwa pamoja, bila homa, na mmoja akitoka nje anaona nafuu, hiyo ni sumu. Tokeni wote mara moja, toeni watoto, zimeni mashine, na mpeleke wagonjwa hospitali hata kama wanasema wamepona.

Gurupu ikae nje, si chini ya mita 6 kutoka hema, na moshi uelekee upande wa upepo unaokwenda mbali nanyi. Ijengeeni paa dogo la bati lisilo na kuta. Msiongeze esansi wakati mashine ingali moto. Na mbabula ilale nje, siku zote.

BATRI

Batri ya volti 12 ni salama kuliko gurupu, kwa kuwa haina moshi, na pano ya jua inaweza kuijaza mchana. Fanyeni hesabu kabla. Tuseme televisheni ndogo na dekodere vinakula wati 36 pamoja: ndiyo ampea 3. Batri ya ampea 60 kwa saa isitumiwe kupita nusu yake, ndiyo 30. Gawanyeni 30 kwa 3: mna masaa 10. Ni michezo mitano ya mpira, mapumziko na maneno yote ndani.

Msichukue batri ya gari la kambi. Kambi nyingi zina gari moja tu, na gari hilo ndilo ambulansi yenu. Mkimaliza nguvu yake kwa ajili ya mchezo, na usiku mama akashikwa na uchungu au mwenzenu akaumwa na nyoka, mtasukuma gari mpaka wapi?

Batri inapojazwa inatoa hewa inayowaka kwa nguvu. Msiwashe sigara wala kiberiti karibu nayo, msiiweke ndani ya hema. Maji yake ni asidi. Yakiingia machoni, osheni kwa maji safi mengi dakika 20, bila kungoja, ndipo mwende dispansere. Na wale wanaotumia konvertisere ya kugeuza volti 12 kuwa volti 220 wajue kwamba volti 220 zinaua porini sawasawa na mjini. Mikono yenye maji isiguse.

MTU AKIPIGWA

Kama mtu ameshikwa na umeme wa nyaya au wa gurupu, msimguse kwanza. Zimeni mashine. Kama ni mstari mkubwa, kaeni mbali na kuzuia wengine wasimkaribie mpaka mstari ukatwe. Wengi wamekufa wakitaka kumvuta ndugu.

Kama amepigwa na radi, ni tofauti. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mnaweza kumshika mara moja. Msimzike katika udongo, msimmwagie maziwa, msipoteze wakati kutafuta nani aliyetuma radi. Moyo wake na pumzi vimesimama labda kwa muda tu, na mikono yenu inaweza kuvirudisha.

Mlazeni chali mahali pagumu. Kama haitiki na hapumui, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza chini sentimeta 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Baada ya kila mara 30, mpe pumzi mbili mdomoni kama unajua kufanya hivyo; kama hujui, endelea kubonyeza. Mkichoka, pokezaneni. Na kama radi imepiga watu wengi, anzeni na wale wanaoonekana wamekufa. Wanaolia na kupiga kelele wanapumua, wanaweza kungoja.

Juu ya aliyeungua, tieni maji safi ya baridi kidogo dakika 20. Msipake mafuta ya mawese wala dawa ya meno. Aliyeanguka kutoka mtini na kulalamika shingo au mgongo asiinuliwe kwa mikono na miguu kama mfuko. Mlazeni juu ya ubao au mlango, na kichwa kikae sawa.

MWISHO, WAFANYAKAZI NA MAMA WA NYUMBANI

Mkiangalia televisheni nje jioni, vaeni nguo ndefu, na mkimaliza mlale ndani ya chandarua chenye dawa. Mbu wa malaria anauma usiku, wakati mawazo yenu yako kwenye mpira. Na yule anayeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi asikeshe mpaka usiku wa manane: mtu mwenye usingizi karibu na mashine ya kuchimba ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kateni maneno haya na kuyabandika juu ya sanduku la televisheni:

— Mwelekeo kwanza, kusogea pili, waya tatu, urefu mwisho.
— Parabole ikae chini.
— Ukihesabu chini ya 30 baada ya mwanga wa radi, ingia garini au nyumbani, kaa dakika 30.
— Mlingoti uwe mbali na nyaya mara mbili ya urefu wake.
— Gurupu na mbabula nje ya hema, siku zote.
— Batri ya gari ni ya gari.

Mama, bwana akifunga mizigo ya kwenda kambini na kuweka anteni ndani ya gari, msomee orodha hii kabla hajawasha mota. Matokeo ya mchezo yatasemwa tena kesho katika redio, na keshokutwa watu watayasimulia kazini. Mwanamume aliyerudi mzima atayasikia pamoja na wenzake.